Kopo la Mama



Juu ya kabati la jikoni mwetu, hapa Nyalenda, kuna kopo jeupe lenye picha ya moyo mwekundu. Unga uliomo umebaki robo. Hatuutumii tena, wala hatujalitupa kopo lenyewe, kwa kuwa Mama amekataza lisitupwe. Kila mgeni anayekuja kumjulia hali huonyeshwa kwanza kopo hilo, kisha huonyeshwa mkono wake wa kulia, na baada ya hapo ndipo mazungumzo mengine yanapoanza.

Sisi tunaoandika ni mabinti zake watatu pamoja na wake wawili wa kaka zetu. Asili yetu ni Mombasa. Babu yetu alikuja Kisumu kwa kazi ya reli, akaoa, akabaki. Jarida hili hutufikia kutoka kwa jamaa zetu wa pwani, nasi hulisoma baada ya Isha, mmoja akisoma na wengine wakichambua mboga za kesho. Miaka yote tumekuwa wasomaji tu. Safari hii tumeona tuandike, maana yaliyotupata yalianzia kwenye jambo dogo ambalo pengine linatendeka sasa hivi katika nyumba ya msomaji mwingine, na wenye nyumba hawana habari.

Mama ana ugonjwa wa shinikizo la damu, ambao sote tumezoea kuuita presha, na huu ni mwaka wa nane. Alikuwa amepewa vidonge viwili vya kila siku: kimoja cha kulegeza mishipa ya damu, na kingine cha kupunguza maji mwilini. Hiki cha pili ndicho kilichozua mambo. Kilikuwa kikimpeleka msalani mara kwa mara, ilhali yeye ni mtu apendaye kukaa na udhu. Akitawadha kwa ajili ya Adhuhuri, hajafika kwenye mswala udhu umetenguka. Akienda darsa, hutoka katikati, arudi, atoke tena, na wenziwe wanamtazama. Aliyekuwa akimhudumia zahanati ni kijana wa umri wa mjukuu wake. Mama akaona haya kumtajia habari za msalani. Hakututajia hata sisi. Akakiacha kidonge hicho kimyakimya, na baada ya siku chache akakiacha na kile cha kwanza, kwani, kama alivyotuambia baadaye, alivihesabu vyote viwili kuwa ni ndugu.

Ulikuwa mwezi wa Mfungo Sita. Katika siku hizo hizo akatujia dada mmoja mwenye adabu zake, ajuaye kusalimu na kuketi, akiwa na mkoba wa makopo. Alitufundisha jina ambalo hatukuwa tumelisikia: nitriki oksidi. Alisema ni hewa inayofungua mishipa ya damu, kwamba mwili wa mtu mzima huipungukiwa, kwamba wataalamu wa Marekani walipewa tuzo kubwa ya dunia kwa kuitambua, na kwamba mwenye kunywa unga ule asubuhi na jioni hana haja tena ya vidonge. Tulichanga shilingi elfu moja kila mmoja, watu watano, tukampa Mama kopo kuwa zawadi. Hakuna aliyetulazimisha. Tulifurahi hata tukapiga picha.

Siku thelathini na kitu zilipita. Mama alisema anajisikia mwepesi, nasi tukaamini, kumbe presha haina desturi ya kubisha hodi. Alfajiri moja tulisikia ndoo ya maji ikianguka uani. Tulimkuta ameketi kando ya kizingiti, ameushika mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto, anajaribu kutuambia kitu na maneno yanamtoka yamepinda. Hospitalini kipimo kilisoma 214 juu, 118 chini. Muuguzi aliuliza anameza dawa gani. Tukasema, kwa ujasiri wa mjinga, kwamba anameza dawa zake zote na tena tumemwongezea nyingine. Ndipo Mama akatikisa kichwa.

Alhamdulillahi, ulimi umerudi na mguu umerudi. Mkono wa kulia haujarudi wote. Wasomaji wetu wataelewa pasipo maelezo marefu maana ya mama wa Kiislamu kulazimika kula kwa mkono wa kushoto mbele ya wajukuu ambao yeye mwenyewe ndiye aliyewafundisha kula kwa mkono wa kulia. Ustadh amekwisha kumwambia kwamba mwenye udhuru hana lawama. Amekubali kwa ulimi. Lakini siku za mwanzo alikuwa akisubiri watu wote wamalize ndipo ale.

Baada ya hayo tulitaka kujua kama dada yule alitudanganya. Jirani yetu ana binti anayesomea uuguzi. Tulimwita, akaja jioni kadhaa, akatueleza na kutusomea. Jibu lilitushangaza. Nusu ya maneno ya muuzaji ilikuwa kweli tupu, na ni ile nusu ya kweli iliyotuingiza shimoni.

Hewa hiyo ipo. Zamani ilijulikana kama uchafu utokao kwenye moshi wa magari na sigara, wala hakuna aliyedhani kwamba mwili wa binadamu unaitengeneza. Katika mwaka 1977 daktari Ferid Murad, mwana wa mhamiaji wa Kialbania aliyehamia Marekani, alionyesha kwamba nitrogliserini, dawa ya zamani ya maumivu ya moyo, hufanya kazi kwa kutoa hewa hiyo ndani ya misuli ya mishipa. Mwaka 1980 mwenziwe, Robert Furchgott wa New York, alichapisha habari ya vipande vya mishipa ya sungura. Vile ambavyo utando wake wa ndani ulibaki salama vililegea vilipotiwa dawa. Vile vilivyokwanguliwa utando huo havikulegea. Kwa hiyo ulikuwako ujumbe uliotoka kwenye utando kwenda kwenye msuli, na haukujulikana ni kitu gani. Mwaka 1986 yeye na Louis Ignarro walipendekeza kwamba ujumbe ule ni nitriki oksidi, na mwaka uliofuata ikathibitika. Mwaka 1998 watatu hao walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba. Alfred Nobel mwenyewe, aliyetajirika kwa kutengeneza baruti ya nitrogliserini, aliandikiwa na matabibu wake nitrogliserini hiyo hiyo kwa ajili ya moyo wake mwishoni mwa maisha yake. Mama alicheka sana aliposikia hayo, na ilikuwa mara yake ya kwanza kucheka tangu arudi nyumbani.

Tuongeze jambo moja ambalo binti wa jirani hakulijua, bali tulilipata katika vitabu vya marehemu baba: kwamba karne nyingi kabla ya hao, mnamo 1242, Ibn al-Nafis, tabibu aliyezaliwa upande wa Damascus akafanya kazi Cairo, aliandika kwamba damu hutoka upande wa kulia wa moyo, hupita mapafuni, ikachanganyika na hewa huko, kisha ikarudi upande wa kushoto. Habari za damu na hewa si ngeni katika nyumba zetu. Tumezisahau tu.

Sasa, mshipa wa damu haufanani na mpira wa kumwagilizia bustani. Ukuta wake una msuli unaokaza na kulegea, na ndani umetandikwa utando mwembamba wa tabaka moja tu la chembe. Damu inapopita kwa kasi huusugua utando huo, nao hujibu kwa kutengeneza nitriki oksidi kutokana na kirutubisho kiitwacho arginini, ambacho tunakipata katika samaki, kunde, njugu na nyama. Hewa hiyo hupenya hadi kwenye msuli, msuli ukalegea, njia ikapanuka, presha ikashuka. Huzuia pia chembe za kugandisha damu zisishikamane ovyo. Kisha hutoweka. Umri wake ni sekunde chache tu.

Hapo ndipo tulipoinua vichwa. Kitu kinachoishi sekunde chache hakiwezi kutiwa koponi. Tulisoma upya maandishi yaliyoko ubavuni mwa kopo, kwa kioo cha kukuzia, tukaona kwamba ndani hamna nitriki oksidi hata chembe. Mna arginini, unga wa bitiruti, sukari na rangi. Tuliuziwa udongo na kuni kwa bei ya chungu kilichokwisha kuokwa.

Bitiruti, hata hivyo, si upuzi. Mwili una njia ya pili ya kuipata hewa hii, na njia hiyo inaanzia shambani. Mboga za majani na bitiruti zina chumvi ya asili ya udongo iitwayo nitreti. Tukila, nitreti huingia katika damu, na tezi za mate huikusanya na kuirudisha kinywani. Huko nyuma ya ulimi wanaishi vijidudu wasio na madhara, ambao huigeuza. Tunameza mate, na tumboni na katika damu ikawa nitriki oksidi. Mwaka 2008 watafiti wa London waliwanywesha watu wenye afya nusu lita ya maji ya bitiruti, na katika muda wa saa tatu namba ya juu ya presha ikashuka kwa kiasi cha 10. Walipoambiwa wateme mate wasiyameze, haikushuka. Nasi tunaofunga, ambao tumefundishwa tangu utotoni kwamba kumeza mate yako mwenyewe hakubatilishi saumu, tuliipenda habari hiyo kwa namna yetu.

Watafiti wa huko huko waliona pia, mwaka 2013, kwamba watu waliosukutua kwa dawa kali ya kuua vijidudu vya kinywa kwa wiki nzima walipanda presha kidogo. Dawa hizo zina mahali pake pale daktari wa meno anapoziagiza. Lakini mmoja wetu, hatutamtaja, alikuwa akisukutua kwa dawa ya buluu asubuhi na jioni kwa ajili ya harufu nzuri tu. Amerudi kwenye mswaki na maji.

Msomaji wa Mombasa atauliza bitiruti ya kila siku itatoka wapi. Sisi tulijiuliza hivyo pia, mpaka tulipotazama nje. Nyalenda ni mtaa wa watu wengi na nafasi finyu, ulioko kusini ya mji wa Kisumu, ukiteremka kuelekea ziwani na kwenye majani ya Dunga. Ardhi ya huko chini ni ya majimaji, na wanawake wanalima mboga. Kila jioni huzipanga kando ya njia: mnavu, ambao majirani zetu Wajaluo wanauita osuga, mgagani, ambao kwao ni dek, mlenda, ambao ni apoth, na mchicha. Mafungu haya tuliyapita miaka yote tukielekea dukani kununua viazi vya kukaanga. Majani mabichi kama mchicha ni katika vyakula vyenye nitreti nyingi mno, na fungu moja ni bei ya pipi za watoto. Kopo letu lingenunua mboga za miezi.

Ila mapishi yetu yalitaka kuangaliwa. Nitreti huyeyuka majini, na sisi, watu wa pwani kwa watu wa bara, tuna mazoea ya kuchemsha mboga mpaka zinyamaze kisha tukamwaga maji. Mchicha sasa tunauivisha kwa maji yake mwenyewe, kwa muda mfupi, na tui jepesi. Mnavu una uchungu na haukubali hivyo. Huo tunaumwaga maji mara moja tu, tukatia maziwa kama tulivyofunzwa na majirani. Magadi tumeyaacha. Magadi hulainisha mboga upesi, lakini ndani yake mna sodiamu ile ile iliyomo kwenye chumvi, na mwenye presha hana nafasi yake. Mwenye ugonjwa wa figo, au anayemeza dawa ya kuzuia damu kugandisha, asibadili kiasi cha mboga zake kabla ya kumwuliza daktari. Hilo tuliambiwa kwa mkazo, nasi tunalisema kwa mkazo.

Habari ya chumvi ilituuma zaidi kwa kuwa ina historia katika eneo hili hili. Mwaka 1990 jarida moja la tiba la Uingereza lilichapisha utafiti wa Neil Poulter na wenzake juu ya Wajaluo waliohama kutoka vijiji vya magharibi mwa Kenya kwenda kuishi Nairobi. Walipimwa wao, wakapimwa na wenzao wa rika moja waliobaki kijijini. Waliohama presha zao zilipanda katika miezi ya mwanzo tu ya kukaa mjini, na mkojo wao ulionyesha wanakula chumvi nyingi zaidi, na potasiamu kidogo zaidi, ile ipatikanayo katika mboga na matunda. Watu ni wale wale, damu ni ile ile. Kilichobadilika ni sufuria. Chumvi ikizidi, utando ule wa ndani ya mshipa hukakamaa na kutoa nitriki oksidi kidogo. Sisi hatukuhamia Nairobi, lakini sufuria yetu ilikwisha kuhama zamani: papa mkavu wa chumvi tunayeletewa kutoka pwani, achari ya ndimu kwenye kila mlo, vidonge vya supu kwenye kila mchuzi. Papa tumemweka awe wa siku maalumu. Kuhusu achari bado tunagombana.

Kuna na moshi. Moshi wa sigara huudhuru utando wa mishipa ya mvutaji na ya anayeketi naye, na moshi wa makaa na kuni katika jiko lisilo na dirisha haupishani nao sana. Jiko letu la makaa sasa linakaa uani, hata mvua ikinyesha.

Kisha pua. Katika matundu yaliyo pembeni mwa pua ndani ya fuvu, mwili hutengeneza nitriki oksidi, na mtu anapovuta pumzi kwa pua huiteremsha mapafuni, ambako husaidia mishipa ya mapafu kupokea hewa. Watafiti wa Sweden waliona, mwaka 2002, kwamba mtu akivumisha sauti puani huku kinywa kimefungwa, hewa hiyo hutoka kwa wingi mara nyingi kuliko anapopumua kimya. Tuliposikia hayo tulitazamana sote kwa wakati mmoja, kwani binti mdogo wa nyumba alikuwa chumba cha pili akirudia tajwidi, akivuta ghunna ya nuni na mimu. Hatusemi kwamba Qur'ani iliteremshwa ili itufungue pua. Wala watafiti hawakupima ghunna. Tunasema tu kwamba tulitazamana.

Binti wa jirani alipoona tumeanza kuipenda sana nitriki oksidi hii, akatuuliza swali: ikiwa kupungukiwa na kitu ni ugonjwa, je, kukiongeza ni dawa? Tukajibu sote kwamba ndiyo. Akatusimulia habari za malaria, ambayo hapa kwenye ufuo wa ziwa hakuna nyumba isiyoijua. Mwaka 1996 watafiti waliofanya kazi Dar es Salaam walionyesha kwamba watoto wa Kitanzania waliozidiwa na malaria walikuwa na nitriki oksidi kidogo kuliko wenzao walioumwa kidogo. Mwaka 2003 ikaonekana kwamba watoto wenye malaria iliyopanda kichwani wamepungukiwa na arginini pia. Sababu inaeleweka: vimelea hupasua chembe nyekundu za damu, wekundu uliomo humwagika ukaifyonza hewa ile, na mishipa midogo ya ubongo ikaziba. Basi madaktari wa Uganda, katika hospitali za Jinja na Mbarara, wakajaribu kuwavutisha watoto mahututi hewa hiyo yenyewe kutoka kwenye mitungi, pamoja na dawa ya malaria. Majibu yalitoka mwaka 2015. Hewa ile haikuwapa watoto nafuu ya ziada.

Akatuongezea la pili, na hili lilitukalia kooni, kwa maana lilihusu kile kilichokuwa katika kopo letu. Nchini Marekani wagonjwa 153 waliotoka kupata mshtuko wa moyo waligawanywa. Wengine wakapewa arginini, wengine unga usio na kitu. Waliopewa arginini hawakupata nafuu yoyote kuliko wenzao, na sita kati yao walifariki, ambapo kwa wenzao hakufariki hata mmoja. Jaribio likasimamishwa, na habari zake zikachapishwa mwaka 2006.

Haimaanishi hewa hii haina kazi hospitalini. Kuna watoto wachanga ambao mishipa ya mapafu yao hukataa kufunguka wanapozaliwa, na hao huvutishwa nitriki oksidi wakaokoka. Marekani iliiidhinisha kwa kazi hiyo mwaka 1999. Lakini hutolewa kwa vipimo, na daktari amesimama pale.

Tuseme na la faragha, kwa kuwa jarida hili ni la familia na wasomaji wengi ni wanawake. Vidonge vya nguvu za kiume vinavyouzwa siku hizi hata kwenye vibanda hufanya kazi kwa kupitia njia hii hii ya nitriki oksidi. Mume anayetumia kidonge cha moyo cha kuweka chini ya ulimi, au dawa nyingine ya aina hiyo, akakichanganya na hivyo, presha yake yaweza kuporomoka ghafla akapoteza maisha. Wanaume wengi hawatamwambia daktari. Wengi hawatamwambia hata mke. Ikiwa wewe unajua, na amezidiwa na maumivu ya kifua, mwambie muuguzi mlangoni, kwa sauti ya chini ukipenda, lakini umwambie.

Mama sasa anahudumiwa na mama wa makamo, na siku ya kwanza alimwuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kumwuliza: vidonge vinakusumbua vipi? Mama akatazama chini, akamweleza habari za udhu. Yule mama hakucheka. Alikiondoa kidonge cha maji, akampa kingine cha aina tofauti kisichompeleka msalani. Mazungumzo yote hayakufika dakika tano. Tulitoka pale tumekaa kimya ndani ya tuktuk mpaka nyumbani, kila mmoja akizihesabu dakika hizo tano na kuzilinganisha na zile shilingi elfu tano.

Kila baada ya Alfajiri, jua halijawa kali, wawili kati yetu huenda naye polepole upande wa Dunga na kurudi. Damu ikienda mbio husugua utando, tunamkumbusha, naye hujibu kwamba yeye anaenda kutazama ziwa. Wiki mbili zilizopita alisoma 138 juu. Ijumaa alikula pilau kwa mkono wa kulia, matonge matatu, la tatu likamwagika kwenye mkeka, wala hakuna aliyeinuka kuliokota mpaka alipomaliza.

Dada wa makopo alirudi. Ilikuwa alasiri, na hakuwa amesikia lolote. Wadogo zetu walitaka kumfukuza mlangoni. Mama akasema aingizwe, akatengewa chai na mahamri, akala akiwa anatusimulia habari za bidhaa mpya. Mama alimwacha amalize. Kisha akamwonyesha kopo, akamwonyesha mkono, na akamwuliza, pasipo ghadhabu:

"Mwanangu, mama yako yu hai?"

"Yu hai, Mama. Yuko Mumias."

"Ana presha?"

"Anayo."

"Vidonge vyake anameza, au umempa hiki?"

Dada yule aliweka kikombe chini. Alikaa kitambo akilitazama lile kopo kama kwamba si yeye aliyelileta. Kisha akauliza kama anaweza kutoka uani kidogo apige simu.